Televisheni Iliyosema Hoteli

Hakuna aliyemtuma Koplo Komakech kuigusa ile televisheni. Ilikuwa nzima. Ilikuwa na picha, na sauti, na rangi, na kwa wiki tatu ilikuwa imekaa sebuleni mwake, katika nyumba za polisi kule Makindye, ikifunikwa kitambaa cha kufumwa asubuhi na kufunuliwa jioni. Lakini kuna wanaume ambao kitu kizima huwawasha mikono, na Komakech alikuwa mmoja wao. Akwero, mchumba wake, aliijua tabia hiyo, na alikuwa amemkataza mara tatu asiichokonoe.

Aliyemponza ni askari mwenzake, Bonny, bingwa wa kujua nusu ya kila jambo. Bonny alimwambia kwamba kila televisheni ina menyu mbili: ile ya mwenye nyumba, na nyingine iliyofichwa, ya mafundi peke yao, ambamo watengenezaji wamefungia rangi kali na sauti kubwa ili watu wasizifaidi. Akamwandikia kwenye kikaratasi njia ya kuingilia: shikilia kitufe hiki, bonyeza kile mara mbili, malizia na nambari kadhaa. Komakech alikitia mfukoni mwa shati, na siku nzima mkono wake haukutoka mfukoni humo.

Ijumaa jioni, alipobaki peke yake, akabonyeza. Menyu ikafunguka kweli. Kioo kizima kikajaa herufi na nambari ambazo hata mwalimu wa hesabu angezipa kisogo. Mwenye akili angefunga hapo hapo akashukuru Mungu. Komakech yeye akashuka nazo mstari kwa mstari, mpaka akaona neno moja analolifahamu: HOTEL. Mbele yake paliandikwa OFF. Akafikiri kidogo. Kitanda cha hoteli ni kizuri, chakula cha hoteli ni kizuri, basi kwa nini hoteli izimwe? Akaiwasha.

Televisheni ikajizima, ikajiwasha, ikaganda kwenye chaneli namba moja, ambako hapakuwa na kitu ila chengachenga. Kila kitufe alichokigusa kilimjibu kwa neno lile lile, kubwa, la kijani: HOTEL. Sauti haikupanda, chaneli haikuhama. Akajaribu kurudi kwa njia aliyoingilia, lakini kwa haraka mpangilio ukamvurugika. Mara akasikia hatua za Akwero mlangoni. Akakitupa kikaratasi kwenye jiko la makaa, akaizima televisheni, akaifunika, akaketi na gazeti la juzi. Moyoni alitumaini kwamba ikilala vizuri itaamka imepona.

Akwero hakuwa amekuja kumchungulia. Alikuwa ametoka kazini, kwenye chumba cha kufulia nguo cha hospitali ya Mulago, kuja kumsaidia kufagia, kwa sababu kesho yake mama yake mzazi, Adyero, angefika kutoka Gulu. Angekaa siku mbili, aione nyumba, amwone mwanamume, kisha atoe jibu. Akisema ndiyo, kuna ndoa Desemba. Akisema hapana, hakuna, na Akwero alikuwa ameshamwambia Komakech hivyo bila kupepesa macho. Komakech alimpenda yule mwanamke kwa namna iliyomtia aibu mtu wa umri wake. Akiisikia sauti yake nje ya dirisha, huanza kutafuta shati safi.

Adyero mwenyewe hakuwa na ugomvi na Komakech. Ugomvi wake ulikuwa na sare. Katika mwaka wa vita vile vilivyobadilisha serikali, watu wenye sare waliingia nyumbani kwake wakabeba redio, cherehani na mlango. Mlango wenyewe, pamoja na bawaba zake. Ilikuwa imepita miaka kumi na sita, na bado alipomwona mtu mwenye sare alimtazama mikono kwanza. Alipoambiwa kwamba bintiye anataka kuolewa na polisi, aliuliza jambo moja tu: vitu vya nyumbani kwake amevitoa wapi?

Jumamosi saa nne akawa ameketi kwenye kochi, mkoba mapajani, akinywa chai. Alisifia vikombe. Aliuliza vilikonunuliwa, akaambiwa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akauliza kuna nini chini ya kile kitambaa.

"Televisheni, Mama," Akwero akasema kwa fahari, akasimama kuifunua.

"Leo hakuna umeme," Komakech akawahi kusema, huku redio ya jirani ikiimba ng'ambo ya ukuta na balbu ya ukumbini ikiwaka.

Akwero akamtazama, akaiwasha. Chengachenga. Akabonyeza rimoti. HOTEL. Akabonyeza tena. HOTEL. Adyero alikuwa ameishia darasa la sita, na darasa la sita linatosha sana kusoma neno hilo. Akakiweka kikombe chini.

"Hii ni ya hoteli," akasema.

Kwao Waacholi mkwe habishani na mama mkwe, wala hamkodolei macho. Maneno mazito hupitia kwa binti. Basi Komakech akiwa pale pale, hatua tatu tu kutoka kochini, Adyero akamgeukia Akwero. "Mwambie mwenye nyumba kwamba mali ya watu inataja jina la mwenyewe."

"Mwambie Mama kwamba niliinunua dukani Nakawa, na risiti ninayo," Komakech akasema akitazama sakafu, na kweli akaenda kuitoa sandukuni.

"Risiti huandikwa na mwenye kalamu," Adyero akasema bila kuipokea. "Hili neno limeandikwa na televisheni yenyewe."

"Uliigusa?" Akwero akamuuliza Komakech.

Hapo ndipo angeweza kujiokoa. Lakini ulimi una mazoea yake, na mbele ya mkwe ulimi wa Komakech ulitafuta heshima kabla ya ukweli. "Mimi? Hata kidogo."

Jicho la Akwero lilibaki na swali dogo, na swali hilo lilimchoma Komakech kuliko maneno yote ya mama yake. Adyero akaufunga mkoba wake vizuri, akasema kwamba hatangoja siku ya pili: basi la kesho asubuhi huondoka saa moja, naye ataondoka na jibu lake.

Komakech akatoka mbio kumtafuta Ephraïm, fundi Mkongomani kutoka Bukavu mwenye kibanda nyuma ya soko. Walijuana. Mara mbili Komakech alikuwa amemsimamisha barabarani kwenye doria, akamuuliza jina, karatasi za ukimbizi, alikotoka na anakokwenda, kisha akamuuliza yale yale tena kwa kuyapindua. Sasa alimbebea mkoba wa vifaa njia nzima, akimweleza kwa Kiswahili chake cha kambini.

"Fundi, sikia. Wewe naingia, natengeneza polepole, ile neno napotea. Kama mama nauliza, wewe sema ni umeme liharibu."

"Afande, umeme haijuwe kuandika," Ephraïm akasema. "Nani aliingiya mu menyu ya bafundi?"

"Hakuna mutu."

"Sawa, hakuna mutu." Ephraïm akatembea hatua kadhaa. "Ile HOTEL iko mu televisheni mingi, ni kufuli ya kukataza bageni ba hoteli bageuze chaneli. Lakini mi nikifuta ile neno kimyakimya, ule mama atasema nini? Ni sawa mutu ameiba pikipiki, anapeleka kwa fundi wamukwangulie namba."

Komakech akasimama katikati ya njia. Hakuwa amelifikiria hilo, naye pikipiki za kukwanguliwa namba amezikamata nyingi. Akafuta jasho, akaendelea kutembea, na mkoba ukawa mzito zaidi.

Ephraïm alimwamkia Adyero kwa mikono miwili, akachuchumaa mbele ya televisheni, akabonyeza hiki na kile, akasoma lile neno la kijani. Komakech aliiona pembe ya mdomo wake ikicheza. Badala ya bisibisi, fundi alitoa mkobani daftari la shule na kalamu. Akavuta kigoda.

"Jina?"

"Wewe najua jina yangu."

"Jina, Afande. Ni kazi."

"Komakech."

"Jana jioni, saa kumi na mbili, ulikuwa wapi?"

"Kazini."

"Kazini?" Akwero akadakia. "Mimi nilikukuta hapa unasoma gazeti la juzi."

Ephraïm akaandika, taratibu, akilamba ncha ya kalamu. Adyero hakukisema Kiswahili cha kambini, lakini kukisikia alikisikia vizuri sana. Akajisogeza ukingoni mwa kochi. Komakech naye alikuwa ameandika maelezo ya watu kwenye kaunta ya kituo kwa miaka tisa, na alizijua ngazi zote ambazo mtu hushuka kabla ya kukiri. Kwanza hakuwepo. Halafu alikuwepo lakini alilala. Halafu ni rafiki. Alizijua, akazicheka miaka yote hiyo, na sasa alijisikia akizishuka moja moja.

"Likuwa hapa," akasema. "Lakini mimi lilala."

"Ulilala na gazeti mu mikono."

"Pengine panya."

"Panya ilikamata rimoti?" Ephraïm akaandika na hilo. "Panya ya namna gani, Afande? Kubwa?"

Akwero akaziba mdomo kwa upindo wa kitenge. Komakech akatazama mlango, akatazama dirisha. "Ni Bonny," akasema.

"Bonny alikuwa hapa?"

"Hapana. Yeye liandika tu."

"Aliandika nini?"

Komakech akapapasa mfuko wa shati, akaukuta mtupu. Ephraïm akaliweka daftari gotini, na sasa akasema kwa upole, kwa kuwa naye alijua kukaa upande ule wa maswali kukoje. "Afande, sikiya. Kila aina ya televisheni iko na mlango yake. Hii mi siijuwe. Ule aliingiya njo anajuwa namna ya kutoka. Karatasi iko wapi?"

"Liungua."

"Iliungua yenyewe?"

"Mimi choma," Komakech akasema, na alipolisema hilo mabega yake yakashuka yote mawili kwa pamoja.

Adyero akamgusa bintiye mkono, akamnong'oneza. Akwero akageuka. Sauti yake haikuwa na hasira. "Mama anauliza, ulipoliona hilo neno huko ndani, ulifanya nini?"

Komakech akajibu kwa Kiacholi, kichwa chini, maneno yakitoka moja moja. "Lilikuwa limezimwa. Nikaliwasha. Nilidhani hoteli ni kitu kizuri. Nilidhani picha itakuwa kama ya hotelini, safi, na Mama akija aone kwamba binti yake hakai kwa mtu wa hovyo." Akaitazama televisheni. "Halafu ikaganda, nikaona haya."

Ephraïm, ambaye hakujua Kiacholi hata neno, alielewa kwamba maelezo yamekamilika, akalifunga daftari na kumkabidhi Komakech rimoti. Akamwambia afumbe macho aviache vidole vikumbuke vyenyewe. Mara ya kwanza havikukumbuka. Mara ya pili televisheni ilijizima tu. Mara ya tatu fundi akamuuliza kama jana alibonyeza akiwa amekaa au amesimama. Akakumbuka kwamba alikuwa amesimama, akasimama. Mara ya nne kioo kikajaa zile herufi na nambari.

Wakashuka nazo pamoja, mstari kwa mstari. HOTEL, na mbele yake ON. Komakech akabonyeza, ikawa OFF. Televisheni ikajizima, ikajiwasha, na mwanamke mmoja akatokea akitangaza sabuni ya unga kwa sauti iliyomrusha paka wa jirani kutoka dirishani. Chaneli zikahama. Sauti ikapanda na kushuka. Akwero akapiga makofi, lakini Adyero akainua kidole.

"Airudishe," akasema.

"Mama?"

"Aiwashe hiyo hoteli tena. Nione."

Komakech akaingia, akawasha. Chengachenga, na lile neno la kijani. "Aizime," Adyero akasema. Akazima, mwenye sabuni akarudi. "Aiwashe." Akawasha. "Aizime." Mama mkwe alikuwa amesimama sasa, uso karibu uguse kioo, akikagua kazi ile kwa makini ya mtu aliyewahi kubebewa mlango. Mara ya tatu akatosheka, akarudi kochini, akaomba chai nyingine.

Alikunywa nusu kikombe kabla ya kusema. Hakumtazama Komakech, na hakupunguza sauti pia.

"Mwizi nisingemwachia akuoe," akamwambia Akwero. "Hata siku moja. Huyu si mwizi. Huyu ni mjinga. Na mjinga namjua, nimekaa na baba yako miaka thelathini na moja. Alifungua saa ya ukutani ya kanisa ili iende haraka, tukasali alfajiri mwezi mzima. Lakini hakuniletea kitu cha mtu nyumbani kwangu."

Komakech aliyasikia yote, na tangu azaliwe hajawahi kufurahi hivyo kwa kuitwa mjinga. Alitaka kucheka, akahisi machozi yanataka kutangulia, akajifanya anamsaidia Ephraïm kufunga mkoba ambao haukuwa hata umefunguliwa vizuri. Akwero akamjia kwa nyuma, akamnyang'anya rimoti mkononi, na vidole vyake vikabaki juu ya vya Komakech muda mrefu kidogo kuliko rimoti ilivyohitaji.

"Mwambie achague tarehe ya Desemba," Adyero akasema, akichovya mkate. "Na akishaichagua, asiiguse tena."