Sakafu ya Bahari Chini ya Mlima

Ladina Caduff alikuwa mtaalamu wa miamba, na jiwe lililotolewa asubuhi ile na keekee, mashine ya kutoboa mwamba, ndilo aliloliogopa tangu handaki lianze kuchimbwa. Lilikuwa la kijani, teketeke, lenye utelezi wa sabuni. Alilikwaruza kwa ukucha, likakwaruzika.

"Mzee Duri, simamisha kazi," alimwambia msimamizi wa wachimbaji. "Watu watoke."

Duri, aliyezeekea mahandakini, alicheka. "Eti watoke! Mke wa mawe, leo unaogopa sabuni?"

"Hii ilikuwa sakafu ya bahari, mzee wangu. Afrika ilipoisukuma Ulaya, sakafu hii ikazamishwa makumi ya kilomita, ikapikwa na kukandamizwa mpaka ikageuka jiwe jingine, kisha ikapandishwa hadi hapa. Bado imebanwa. Tukiifungulia nafasi, itaijaza."

"Bahari, huku milima ya Alpi? Babu yangu kachunga ng'ombe juu yetu miaka hamsini, hakuona hata dagaa!"

Wanaume wakaangua kicheko. Ladina alivuta futi ya chuma baina ya miguu ya tao lililoshikilia paa, akamwita Duri asome mwenyewe. Jana zilikuwa mita saba kamili. Duri akasoma, akasoma tena. Pengo lilikuwa limepungua shibiri nzima.

Hapo boliti ikafyatuka ukutani, ikapita kama risasi. Vicheko vikakatika.

"Tokeni!" Duri alinguruma. "Acheni vyombo! Kimbieni!"

Walikimbia wote isipokuwa Reto, mwendesha keekee, aliyekuwa mbele kabisa kwenye mashine yake, masikio kayaziba, hasikii kitu. Ladina ndiye aliyekuwa karibu naye. Alikimbia kuelekea ndani, huku sakafu ikivimba chini ya buti zake kama unga uliotiwa hamira. Alimshika Reto ukosi, akamvuta. Tao la kwanza likalia, likapinda. Walipita chini yake wakitambaa, na mkono wa Duri ukawapokea upande wa pili.

Kufikia jioni, mwamba ulikuwa umeikumbatia keekee na kuikunja. Wakubwa waliamua handaki liuzunguke mwamba huo, ingawa kazi ingechelewa mwaka mzima.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Mchana ule, nje kwenye theluji, Duri aliwahesabu watu wake mara tatu, wote kumi na mmoja, kisha akaketi.

"Ningewaua, binti yangu," alisema.

Pembeni, Reto aliomba simu ampigie mkewe. Mkewe alipopokea, Reto alimwuliza tu leo amepika nini.