Kikombe cha Peke Yake

Tone la maji lilizama ndani ya divai, na hakuna jicho lililoweza kuliona tena. Alupo aliinua glasi ili wanafunzi wake wa ubatizo, wote watu wazima, waione vizuri.

"Hivi ndivyo padri hufanya altareni. Wakristo wa kwanza walifundisha kwamba Mungu alijifanya mtu ili sisi tuushiriki uungu wake. Haya, nani atanitolea yale maji humu?"

Kibet, wakala wa forodha hapo Malaba, alicheka. "Mwalimu, yaani mimi nitakuwa Mungu? Madereva wa malori watanikoma!"

"Mungu hutakuwa. Utajazwa uhai wake, na bado utabaki Kibet. Kwa bahati mbaya."

Darasa liliangua kicheko, lakini Kibet hakukubali kushindwa. "Na hayo maji, padri huyachagua?"

"Achague nini? Ni ya bomba tu," alisema Alupo, kisha akaishusha glasi mezani, akikumbuka kikombe kingine.

Krismasi iliyopita ukoo ulikuwa umeuzunguka mtungi wa ajono, pombe ya wimbi, yaani ulezi, kila mtu na mrija wake mrefu. Wifi yake, Among, alikuwa amemaliza dawa za kifua kikuu; hospitali ilishasema amepona. Among alipovuta kiti, Alupo alimpa kikombe. "Wewe tumia hiki, wifi. Tuna watoto hapa." Watu waliinamisha macho. Kwa Wateso, anayetengwa na mtungi ametengwa na watu. Na Alupo ana diploma ya afya ya jamii. Alijua fika kwamba hakuna hatari. Aliogopa tu, kisha akauvika woga wake koti la utaalamu. Tangu siku hiyo Among hakuonekana kwa Alupo wala kanisani.

Alupo alifunga darasa mapema, akapanda boda boda hadi kwa Among.

Among alikuwa akipalilia mihogo. Hakuinua kichwa.

"Wifi, nilikukosea. Nilijua umepona."

Jembe lilisimama. "Ulijua?"

"Nilijua."

Among alimtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Alupo alitamani atukanwe, ingekuwa nafuu.

"Kikombe ulinipa mbele ya watu," Among alisema. "Hii pole yako unaniletea kwa mihogo?"

Ng'ambo ya ua, wake za shemeji zake Among, waliokuwepo Krismasi ile, walikuwa wakianika wimbi, soga zimewanogea. Alupo alifuta viganja kwenye sketi, akauendea ua, akapaza sauti.

"Mama Okiria! Waite na wenzako. Njooni mnisikilize."

Soga zilikatika. Nyuma yake hakusikia jembe la Among likianza tena.