Mkwe Aliyeshindwa Kupita

Walipotangaza kwamba safari itakuwa ya wastani, Bibi Fundi aliuliza, "Wastani wa nani?" Maana wastani wa kijana wa miaka ishirini na wastani wa mwanamke wa miaka sitini na saba ni vitu viwili ambavyo hata havisalimiani. Aliambiwa tu kwamba ni kilomita arobaini, lami tupu, bahari mkono wa kulia mwanzo hadi mwisho kwenye mnara wa taa, na ukichoka gari lipo.

Hilo gari ndilo lililomnyima usingizi.

Binti yake alikuwa muuguzi, mtu aliyezoea kuwaambia watu lala na wakalala. Alishatoa hukumu wakati wa chai. "Mama, ukifika kwenye mnara wa taa juu ya baiskeli yako, sitasema neno tena. Ukifika ndani ya gari, baiskeli tunaigawa. Viuno vilivyovunjika nimeviona mpaka nimechoka."

"Changu umekiona?"

"Sitaki kukiona."

Bibi Fundi alikubali, angefanyaje? Baiskeli ile aliinunua mwaka aliofunga duka lake la ushonaji. Miaka arobaini alikaa kitako akikanyaga cherehani, anakanyaga na kukanyaga, na jioni yuko palepale. Sasa alikanyaga na vitu vikampita: ukuta, miti, mbuzi, watu anaowajua na asiowajua. Utamu wa jambo hilo huwezi kumweleza mtu ambaye hajawahi kuzeeka chumbani.

Basi Jumamosi asubuhi wakakusanyika nyuma ya soko, watu kumi na wanne, wote ndani ya kaptula za kubana alizowashonea yeye mwenyewe, zenye sifongo ya manjano makalioni ili kiti kisiwaadhibu.

Kikundi kile kilikuwa na sheria. Nyuma kabisa hukaa mfunga safu, ambaye mwendo wake ni kilomita kumi na tano kwa saa. Akikupita, analiita gari likubebe. Ukiweza kumpita tena kabla gari halijakufikia, umejikomboa. Tangu kikundi kianze hakuna aliyewahi kujikomboa. Walijikombolea ndizi tu, ambazo hugawiwa ndani ya gari.

Na mfunga safu wa siku hiyo alikuwa nani? Mkwewe, mume wa huyohuyo muuguzi. Kazi yake mpima ardhi. Ni mtu ambaye ukimkatia keki, anainama kwanza aone kama kisu kilienda sawa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Leo utanihurumia?"

"Mama, sheria haina mkwe."

"Haya. Tutaonana mbele."

"Nyuma, Mama. Mimi niko nyuma."

Ndani ya pikapu, kando ya dereva, alikaa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, amepakata kasha la ndizi. Mdomo wa wifi huyo haukuwa na breki. "Wifi! Kiti chako nakipasha joto! Usichelewe, kitapoa!"

"Kipashe, wifi yangu. Kwa makalio hayo hata mimi sitapata pa kukaa."

Kilomita kumi na tano za kwanza zilikuwa za kunywa kwa mrija. Barabara ilifuata ghuba moja baada ya nyingine, maji chini yake yakiwa ya kijani kama chupa, na mawimbi yakija taratibu kama watu wasio na haraka ya kurudi kazini. Bibi Fundi aliimba kidogo. Kisha barabara ikainua kichwa kuelekea juu ya rasi, na wimbo ukakatika katikati ya neno.

Mmoja mmoja wenzake wakapotea kwenye kona. Akabaki yeye, pumzi yake, na nyuma yake sauti ya mnyororo wa mkwe, uliopakwa mafuta vizuri, unaosogea. Akajua anapitwa. Akaiona baiskeli yake kwenye baraza la mtu mwingine.

Hapo ndipo iliposikika: prrraaa!

Bibi Fundi hakuhitaji kugeuka. Sauti ile aliijua miaka arobaini. Ni sauti ya mshono unaokata tamaa.

Honi ya pikapu ikalia, ikafuatiwa na kicheko kilichowarusha ndege kutoka majabalini. Mpima ardhi akapunga mkono kwa nguvu: piteni, piteni, nendeni mbele! Pikapu ikapita, wifi kichwa chote nje ya dirisha.

"Wifi, tazama mbele tu! Mkweo amepasuka nyuma, sifongo inaning'inia kama kiini cha yai! Mimi shangazi wa mkewe nimeyaona hayo, sasa nitamtazamaje mezani?"

Gari likapotea kwenye kona, likienda kungoja upande wa pili, chini ya mteremko. Mlimani wakabaki wawili, mkwe na mkwe.

Bibi Fundi akatafakari. Ili mfunga safu amwondoe, ni lazima ampite. Akimpita, atakuwa mbele yake. Akiwa mbele yake, mgongo wake na ndugu zake wa chini watakuwa machoni pa mama mkwe. Na hapo hakuna mwanamume aliyelelewa atakayefika, hata akiwa na sheria mfukoni.

Akapunguza mwendo.

"Mama," sauti ikasema kutoka nyuma, "mwendo wetu ni saba nukta mbili."

"Pita basi, baba."

Nyuma, breki zikalia kidogo.

"Pita, mwanangu. Nani amekushika?"

"Niko sawa huku, Mama."

Mungu amsamehe, alistarehe. Alishuka akaisukuma baiskeli kama anatembeza mtoto. Alisimama kunywa maji. Alisimama tena akahesabu ndege weupe waliotua kwenye jabali, akapata thelathini na mmoja, hakuridhika, akaanza upya. Kila aliposimama, hatua ishirini nyuma mpima ardhi naye alisimama, akisoma saa yake na kuguna.

Kileleni palikuwa na uwanja mdogo wa kutazamia bahari, na basi la wageni lilikuwa limeegeshwa. Bibi Fundi akapita katikati yao akisalimia. Alipotupa jicho nyuma alimwona mkwewe amegandia ukuta wa mwamba kama mjusi, mgongo jiweni, anatabasamu kwa meno yote.

"Kaka, tupige picha!" mama mmoja akamwomba. "Sogea tu hapa mbele."

"Samahani, dada, nimechoka kidogo."

"Hatua mbili tu, kaka!"

"Dada, tafadhali." Jasho lilikuwa linamdondoka kidevuni. Vijana wawili walishaanza kuinamisha vichwa ili waone kinachofichwa.

Kicheko cha Bibi Fundi kikakauka. Akakumbuka siku ya vipimo. Mpima ardhi alikuja na baiskeli yake mpaka sebuleni, akasema kwa adabu, "Mama, si unipime nikiwa nimekaa juu yake? Mtu akiinama, nyuma anarefuka." Naye, fundi mkubwa, akacheka. "Nimeshonea maharusi mia mbili, hakuna aliyeniinamia. Simama wima, baba." Akawapima wote wima. Wengine waliponea kwa wembamba wao. Huyu, ambaye binti yake anampikia vizuri, hakuponea.

Akirudi kumsaidia, mlango wa gari unafunguka. Aliliona hilo waziwazi. Akasonya, akamsonya nani hajui, akaigeuza baiskeli. Akavua sweta lake la maua ya waridi, na huku akitazama bahari akamnyooshea.

"Funga kiunoni, mikono ije mbele. Na kosa ni langu. Uliniambia nikupime umekaa."

"Mama, mimi sijasema neno."

"Ndiyo maana naona aibu."

Akalifunga. Akakaa juu ya baiskeli, akakohoa. "Asante, Mama. Ila sasa..."

"Najua. Pita."

"Tuko nyuma dakika kumi na nane."

"Sikuomba dakika, nimesema pita!"

Akampita, sweta likipepea, na akatoa simu. "Gari lirudi. Kuna mtu mmoja." Kicheko cha wifi kilisikika ndani ya simu bila msaada wa simu.

Mbele yao barabara ikaanguka, ndefu, imenyooka, bahari yote wazi pembeni. Mpima ardhi akashika breki. Sheria ya mfunga safu mteremkoni ni ishirini kwa saa, naye alikwenda ishirini. Bibi Fundi alizitazama breki zake, akatazama kule chini, ambako kitu cheupe kilianza kupanda: pikapu.

Akaziachia.

Upepo ukamjaa masikioni. Macho yakatoa machozi, miguu ikaachana na pedeli, na mdomo wake ukatoa kelele ambayo haijatoka tangu akiwa msichana. "Baba, shika upande wako!" Sweta la waridi likampita kushoto, likabaki nyuma. Mita mia, mita hamsini, halafu pikapu, na wifi dirishani na ndizi mkononi, mdomo wazi, kwa mara ya kwanza umeshika breki.

Kilomita nane za mwisho zilikuwa tambarare. Mkwe alikuwa nyuma yake kwa kumi na tano kamili, na wifi pembeni akipiga mlango wa gari kama ngoma. "Kanyaga, wifi! Kanyaga, usiniaibishe!"

Muuguzi aliwangoja chini ya mnara wa taa, mikono kifuani. Alimtazama mama. Akamtazama mumewe na maua yake, akaamua ataliuliza hilo nyumbani.

"Nilimpita," mpima ardhi akasema. "Akanipita. Sheria inaruhusu."

"Kwa mwendo gani?"

"Thelathini na nane nukta tano."

"Mama!"

"Baba, hiyo nukta tano ungenifichia," alisema Bibi Fundi. Bado alikuwa juu ya kiti, mguu mmoja kwenye jiwe. "Haya, binti yangu, sema."

"Ibaki," muuguzi akanong'ona.

"Shangazi yako hajasikia."

"Baiskeli ibaki!"

Vifijo vikapigwa, honi ikalia. Bibi Fundi akamwashiria binti yake asogee, asogee zaidi, mpaka sikio likafika mdomoni.

"Sasa nishike nishuke. Miguu imegoma tangu niliposimama. Na ucheke kidogo, mwanangu, watu wafikiri tunakumbatiana."