Transista Iliyoshiba

...na ugali ukishaanza kushika hauachwi, hata mlango ukibishwa, Phelista akakandamiza mwiko, nani tena saa hii, Emmy anapiga kelele sebuleni, "Mama, Nekoye amekuja," Nekoye, kutoka Kitale, katikati ya wiki, na mtihani wake si ulikuwa leo, ile taa ya kupasha vifaranga joto, si juzi alilia kwenye simu kwamba transista ya pili, kile kidude cha kufungulia taa umeme, imeungua, ya tatu ikiungua chuo sirudi tena Mama... basi imeungua, kozi imekwisha, na mgongo huu uliopalilia mahindi ya watu Kamukuywa ili asome... geuza, geuza, usiunguze na huu, "ilikuwa inachoma hata kidole hakigusi," ndiye huyo anamweleza baba yake, na Mukhisa anaitikia mm, mm, kama mtu wa matanga, darasa la sita alifungua redio ya huyu huyu Mukhisa akachapwa, kesho yake akaifungua tena... "Mama, mmeshinda aje?" mlangoni, begi begani, meno yote nje, "Sema kwanza," "Leo imekaa baridi, Mama. Nimepita," baridi, amepita, mwiko umesimama wenyewe katikati ya sufuria, "Na shida ilikuwa wewe," "Mimi tena?" "Si ulinifunza kupima? Mkondo wa umeme wa kuifungua niliupima vile wewe hupima sukari, kijiko cha kupangusa. Hesabu ilisema inatosha. Ikafunguka nusu, volti zikakwama ndani yake zikageuka joto. Sasa nimeipa mara tatu, ikashiba. Ndani imebakisha volti sifuri nukta mbili tu, zingine zote zimeenda kwa taa," kama lango la zizi basi, liache nusu uone ng'ombe wanavyosukumana na kuvunja miti, lifungue lote wanapita kimya... "Na ukizidi kuipa?" "Taa haiongezi mwanga, ishafika mwisho. Ukipitiliza kabisa inakufa, lakini mara tatu inabeba bila shida," hebu mwone, anaongea kama mwenye chuo, na haya machozi ni ya moshi, moshi tu... wamenawa mikono, ugali mezani, kuku wa wageni wa kanisa ambao hawakufika, Mukhisa, mwanawe Khisa, Emmy, Nekoye, na Phelista mwenyewe, wote wapo, upawa ukakuta firigisi, ya mwenye nyumba siku zote, ukapita sahani ya Mukhisa, ukaitua kwa Nekoye. "Ati hiyo si ya baba?" Khisa akauliza. "Wewe kula chako," Mukhisa akasema, akamega ugali.