Feni ya Chumbani

Watu huwadanganya watu wawili, daktari na fundi wa sola. Daktari wanamwambia hawanywi pombe. Mimi wananiambia hawana pasi. Nimepanga umeme wa jua kwenye nyumba zaidi ya mia, na sijui ni ngapi nimekuta pasi imesukumwa nyuma ya kabati, bado ya moto. Ndiyo maana nina mdomo mkali. Nikikaa na mteja kuandika orodha ya vifaa, namkaba mapema kabla hajaanza kunichezea.

Lakini safari hii aliyeharibu ni mimi. Nilimkatia baba mkwe wangu pumzi kwa kalamu nyekundu, nikiwa nimekaa kwenye kochi lake, nakunywa chai yake. Niseme mapema ili usihangaike: chumbani kwake kulikuwa na mashine ya kumsaidia kupumua akilala. Daktari alishamwambia kwamba bila mashine ile pumzi yake husimama usingizini, mara nyingi kila saa, na ipo siku inaweza isirudi. Mimi sikujua. Mume wangu, mwanawe wa kwanza, hakujua. Aliyejua ni mama mkwe peke yake, naye alikuwa ameapishwa asifungue mdomo.

Baba alikuwa mkaguzi wa mizani. Miaka thelathini na mmoja alizunguka masokoni na mawe yake ya kupimia ndani ya mkoba, akiwaumbua wauza sukari waliobandika vipande vya risasi chini ya sahani. Mtaani wanamwita Gramu mpaka leo. Alipostaafu akajenga nyumba kwenye kiwanja chake nje ya mji, mahali ambapo ukiiacha nguzo ya mwisho ya umeme unatembea saa nzima ndipo ufike. Watoto wakachanga, zikapatikana paneli nne na betri moja. Wa kuhama walikuwa yeye, Mama, na wifi yangu kitindamimba, ambaye husuka watu nywele sebuleni huku macho yote yako kwenye tamthilia. Kazi ya kupanga nani ale umeme kiasi gani ikaniangukia mimi.

"Haya," nikasema Jumapili ile, karatasi mezani. "Kila mtu ataje anachotumia, na masaa. Asinifiche mtu."

"Televisheni," wifi akadakia. "Masaa saba."

"Masaa saba! Wanakulipa?"

"Wifi, kila mtu na ugonjwa wake."

Nikamwandikia matano. Tukaenda kwenye taa, simu, pampu ya maji, friji ndogo ya Mama. Nikamuuliza Mama kama ana kingine. Akakunja ncha ya kanga yake kidoleni, akaikunjua.

"Feni ya chumbani," akasema. "Masaa manane. Usiku."

"Feni? Mama, kule kuna upepo mpaka mabati yanapiga kelele! Feni ya nini?"

"Basi tu, mwanangu. Joto."

Hapo nikapanda juu. Betri ile niliipanga ibebe nyumba siku mbili za mawingu, siyo zaidi, na nilikuwa nimeshaanza kuona kila mtu anavuta kwake. "Mama, nisikilize. Kitu kinachowaka usiku kucha ni mwizi wa betri. Jua hakuna, paneli zimelala, yeye anakula tu. Kwangu mwizi haingii kwenye orodha." Nikapiga mstari mwekundu juu ya neno feni, nikaurudia ili uonekane.

Baba akatikisa kichwa kukubali. "Sawasawa kabisa, Fundi," akasema. Tukiwa kazini huniita Fundi, tukiwa mezani huniita mwanangu. "Mwizi ni mwizi. Usimwonee mtu haya." Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Mama alimtazama muda mrefu, kisha akainuka kwenda jikoni. Nikadhani anafuata sukari.

Kabla sijaondoka nikafunga kipimo changu kwenye swichi kuu ya nyumba ile ya kupanga waliyokuwa wakiishi mjini. Ni kidude cha kubana waya, kinaandika umeme unaotumika kila dakika na kunionyesha kwenye simu nikiwa karibu nacho. Siamini mdomo wa mtu, hata awe mkwe. Kisha nikapita chumba hadi chumba nikihesabu vifaa kwa macho, isipokuwa chumba kimoja. Chumba cha wakwe mimi naingiaje, tena na bisibisi mkononi? Mlango ulikuwa umefungwa, nami nikaupita kwa adabu zangu zote.

Ijumaa jioni nikarudi kusoma kipimo. Walikuwa wahame Jumapili. Sebule nzima ilishajaa maboksi, na Mama alikuwa jikoni akimenya vitunguu. Baba alikuwa kwa kinyozi. Nikafungua simu, nikaona kitu kilichonichefua roho. Kila usiku, kuanzia saa nne mpaka saa kumi na mbili asubuhi, kulikuwa na wati themanini zinazotumika bila kupumzika. Siku zote tano. Friji haifanyi hivyo, friji huwaka ikazima. Hii ilikuwa imenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Na televisheni ya wifi ni wati themanini.

"Wifi!" nikaita. "Hebu njoo hapa, mama wa tamthilia."

Akaja na kitana mkononi. "Nini tena?"

"Unaangalia televisheni usiku kucha! Unaniambia masaa saba, kumbe kumi na tano. Unataka wazee wakae gizani kule kwa ajili yako?"

"Mimi? Nife papa hapa! Saa nne nimezima, nimelala."

"Kipimo hakina mdomo wa kusema uongo."

"Basi kina wazimu, kama mwenyewe! Ningewasha usiku si Baba angesikia? Nyumba yenyewe siku hizi imetulia tuli, hata kukoroma hakoromi tena. Sindano ikianguka unaisikia."

Ningekuwa na akili ya kusikiliza ningeshika hapo hapo. Mzee aliyekuwa akikoroma mpaka majirani wanagonga ukuta, ghafla kimya, nami sijiulizi? Sikujiuliza. Nilikuwa nimeshachemka, na nikichemka masikio yangu huziba. Nikamwambia wifi maneno ambayo sitayarudia hapa, naye akanirudishia ya kwangu na chenji juu. Alikuwa ameanza kulia kwa hasira Mama alipoweka kisu chini.

"Mwache mwenzio," akasema. "Wewe njoo huku."

Akaufungua ule mlango. Nikasita. "Ingia," akasema, "haya zako ziache nje." Karibu na kitanda, juu ya kiti, kulikuwa na boksi lililokwisha kufungwa kwa utepe, limeandikwa kwa mwandiko wa Baba, herufi zote zimesimama wima: IRUDI HOSPITALI. Mama akaukata utepe kwa kucha. Ndani mlikuwa na mashine ndogo, bomba, na barakoa ya mpira ya kufunika pua.

"Hii ndiyo feni," akasema.

Akanieleza yote akiwa amesimama, bila kupaza sauti. Mashine walikuwa nayo tangu mwaka jana. Baba hakutaka watoto wajue anavaa kitu usoni. Walipopanga kuhama, Mama alimsihi aniambie mimi tu, akakataa, ndipo yeye akatunga feni. Nilipoikata ile feni, usiku ule ule Baba alisema basi, mwenye kazi yake ameshasema. Usiku wa kuamkia Ijumaa hii alikuwa ameitumia kwa mara ya mwisho, na asubuhi akaifunga.

"Na kule angelalaje?" nikauliza.

"Kama zamani. Kabla ya mashine mimi nilikuwa silali. Nalala ubavu, namsikiliza. Akinyamaza naanza kuhesabu. Nikifika kumi na tano hajavuta, namsukuma bega, anavuta." Aliinama akaokota ganda la kitunguu lililoganda kwenye kanga yake. "Miaka mitatu nilifanya hivyo. Kwa hiyo nilishapanga. Kule nitakuwa nalala mchana."

Aibu niliyoiona sijapata kuiona tena. Masikio yaliniwaka, nikakaa kitandani kwa wakwe bila kukaribishwa. Mimi nimekaa na karatasi yangu napanga nani ale umeme, na bibi wa miaka sitini na saba naye amekaa jikoni anapanga kukesha maisha yake yote yaliyobaki. Nikalia. Sikulia kidogo.

Hapo ndipo Baba aliporudi kutoka kwa kinyozi, kichwa kinang'aa. Alisimama mlangoni, akamwona mkwe wake kitandani kwake na mashine mapajani. Akamtazama Mama. Mama hakuinamisha uso.

"Baba," nikasema, "kwa nini hukuniambia?"

"Ulishasema mwizi haingii."

"Nilisema feni!"

"Ulisema kitu kinachowaka usiku kucha." Akaegemea mlango. "Fundi, mimi nimewavunjia watu mizani zao mbele ya watoto wao. Walikuwa wananiomba, mzee tupitishie hii moja tu. Sikupitisha. Leo nije niombe yangu ipite kwa sababu ni yangu?" Kisha akaongeza polepole, "Halafu ile barakoa. Nikiivaa nafanana na rubani wa ndege iliyoanguka."

Sikucheka. Niligeuza mashine nikasoma maandishi ya chini, jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza kama ningekuwa fundi wa maana. Nikayasoma mara mbili. Nikafungua kichupa cha maji kilichokuwa pembeni yake.

"Baba, haya maji yanapashwa?"

"Yanapashwa, yatoe mvuke. Pua isikauke."

"Basi nusu na zaidi ya umeme inaishia kuchemsha maji. Mashine yenyewe ni wati thelathini na tano."

"Thelathini na tano," akarudia, taratibu, alivyokuwa akisoma mizani. "Na televisheni?"

"Themanini."

Akaja, akalishusha boksi tupu sakafuni. Akakaa kwenye kile kiti. "Kwa hiyo pumzi yangu haifiki hata nusu ya tamthilia."

"Haifiki, Baba."

"Na mimi nilishajitoa."

"Ulijitoa bila kupima," Mama akamwambia. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimkaripia. "Mkaguzi mzima! Umepima sukari ya dunia nzima, ukashindwa kugeuza kitu ukasoma matakoni!"

Wifi alikuwa nyuma ya mlango muda wote, kitana bado mkononi, machozi mashavuni. "Televisheni futeni," akasema. "Sitaki hata kuiona."

"Hakuna anayefuta kitu," nikasema. "Masaa mawili."

"Matatu," akasema, akipenga kamasi.

"Mawili na nusu, na unisamehe kwa niliyokutukana."

"Nitafikiria."

Tukampigia daktari pale pale. Akasema maji yasipopashwa si neno, ila pua ikimsumbua amwambie. Akauliza kwa nini tulikuwa tunataka kuirudisha, Baba akanirudishia simu. Nikawaomba wasogeze kuhama kwa wiki moja. Nikachukua karatasi mpya. Pampu ya maji na kuchaji simu nikavipeleka mchana, jua likiwa kali. Friji nikaiwekea chupa za maji ya kuganda, ishike baridi usiku bila kuhangaika sana. Kisha nikachora waya wa chumbani peke yake, ili betri ikianza kuisha televisheni ikatike kwanza, ifuate friji, zifuate taa, na chumba kile kiwe cha mwisho kabisa. Nilipofika kwenye mstari wa chumbani nilimpa Baba kalamu. Akaandika mwenyewe, herufi wima: MASHINE YA BABA. WATI 35. MASAA 8. Akaweka na sahihi, mazoea ya kazi.

Wakahama. Wiki ya pili baada ya kuhama mbingu zikafunga siku mbili mfululizo, wingu zito, jua hata la kuanikia soksi hakuna. Mimi huku mjini nilikuwa naangalia dirishani kila baada ya dakika kumi, mume wangu ananiambia nikae chini, simsikii. Usiku wa pili sikupata usingizi wa maana. Kulipokucha nikajizuia mpaka saa tatu asubuhi, nikapiga simu.

"Betri inasomaje, Baba?"

"Ngoja nivae miwani." Nikasikia hatua, nikasikia mlango wa kabati la betri. "Asilimia thelathini na moja. Kamili."

"Taa zilizima?"

"Televisheni ilikatika saa mbili usiku. Wifi yako alisema maneno fulani juu yako. Vingine vyote havikukatika."

"Na mashine?"

"Imenivusha mpaka asubuhi. Nimeivua mwenyewe."

Nikashusha pumzi niliyokuwa nimeishika tangu jana yake. "Haya, nipe Mama nimsalimie."

Nikasikia anatembea, anasimama, anarudi. Alipoongea tena alikuwa ameshusha sauti, karibu kunong'ona.

"Piga baadaye, mwanangu. Mama yako bado amelala tangu jana usiku."