Kiti Kinachozidi

"Haya ninayosema ni kweli tupu. Nikiwa nimetia chumvi hata punje moja, kanda hii iwe mali ya shemeji."

Ndivyo alivyoapa Mzee Kanda, akiinua juu kanda ya video ya filamu ambayo wenzake, wakusanyaji wa filamu za kutisha, walikuwa wakiisikia kwa jina tu. Alistaafu kazi ya kurusha picha kwenye ukumbi wa sinema, hakustaafu kupiga soga. Walikuwa katika chumba cha nyuma cha duka la shemeji yake, mshonaji, televisheni ya kichogo imebanwa kati ya vyerehani.

"Ina ajabu gani?" akauliza kinyozi, mmoja wa wakusanyaji hao. "Nasikia hata damu haimwagiki."

"Hiyo ndiyo raha yake, bwana. Hofu inayopikwa kwa moto mdogo. Mwanamke anafagia sebule, anatoka. Akirudi, kiti kimoja kimezidi. Hashtuki, anafagia tena, kinazidi kingine. Wewe ndiye unayeanza kuhesabu viti vya kwako."

Kinyozi akajikuta anatupia jicho viti vya chumbani. Mzee akaliona hilo, akanogewa.

"Wengi huikimbia. Mimi jana nimeitazama peke yangu, taa nimezima, mpaka mwisho. Viti vyote vinageuka kwa pamoja, vinakukodolea. Nikaviambia, karibuni, chai ipo jikoni. Vikaona haya."

Wakacheka wote ila shemeji. Alikuwa ameichukua kanda, anachungulia kidirisha chake kama anayekagua mshono wa fundi mwingine.

"Shemeji, jana uliimaliza?"

"Niliimaliza."

"Hukuirudisha nyuma?"

"Sirudishi kanda mimi, zinachakaa. Si unanijua?"

"Nakujua, ndiyo maana nauliza. Kanda ikiisha, utepe wote unahamia upande mmoja. Huu umesimama nusu kwa nusu. Ulitoka mbio, shemeji."

Mzee alikitazama kidirisha kile kana kwamba kingemhurumia. Tangu aipate filamu hiyo, alikuwa hajawahi kuvuka pale kiti cha nne kinapozidi.

"Njia ya mwongo fupi," kinyozi akasema. "Hata nusu kanda haivuki."

Mzee akakohoa kidogo, akanyoosha shati, akamkabidhi shemeji kasha tupu kwa mikono miwili. "Ahadi ni deni. Ni yako."

"Ahsante. Basi tuanzie pale ulipoikimbia." Akaisukuma kanda ndani ya deki.

"Twende," alisema mzee, bila kutetereka, akavuta kiti chake katikati yao, bega kwa bega na kinyozi. "Ila kabla hujazima taa, shemeji, hebu tuhesabu kwanza viti vilivyomo humu."