Uso wa Amos Katikati ya Uwanja

Timu ya wasichana ilicheza Jumamosi mchana. Giza la majira ya baridi lilipoanza kushuka, Ardis alikuwa amekwisha bandika birika. Maji yasiwe ya moto sana. Alitandika taulo juu ya meza ya jikoni, akaweka beseni, akasikiliza. Baba yake hakuwahi kusahau kukung'uta theluji viatuni kabla ya kuingia.

Baba huyo, Amos, alikufa Ardis akiwa darasa la tatu. Jioni hiyo aliingia, akaketi kwenye kiti chake, akainua uso. Ulikuwa umejaa alama za soli, mashavuni na kipajini, na kisigino kimoja juu ya jicho.

"Leo wamecheza na nani?" Ardis aliuliza, akikamua kitambaa.

"Ningeonaje? Nilikuwa chini."

Ardis alicheka kidogo, akaanza kumfuta. Maji yaligeuka mekundu kwa ile rangi waliyompaka. Mwenyewe hakuwa mwekundu hata kidogo, alikuwa maji ya kunde. Wala hakuwa chifu. Maisha yake yote aliendesha lori la kokoto. Ila siku moja alipigwa picha kwenye maonyesho ya kilimo, picha ikatoka gazetini, na mchoraji aliyekuwa akiitafutia nembo timu ya shule, timu ya Machifu, akaona uso huo unafaa. Akamkunja nyusi, akamvika kilemba cha manyoya ya tai, akamchora sakafuni katikati ya uwanja wa kikapu, na shule ikampiga vanishi. Hakuna aliyekuja kubisha hodi kuuliza. Mji ule haukuwa na desturi ya kuwauliza Wadakota, wenyeji wa asili wa nchi ile, kitu.

"Haya manyoya sijui ya nani," Amos alisema, akiyavua na kuyaweka juu ya friji. "Mwenyewe atakuwa anayatafuta."

Kisha alikula. Sahani yake ilitengwa kwanza, kama wafu wanavyotengewa, supu ya mahindi na mkate wa kukaanga, kabla walio hai hawajagusa kijiko.

Mwaka ule mjukuu wa Ardis, Tayla, aliyelelewa na bibi yake tangu akiwa mchanga, alirefuka akawapita wenzake wote timuni. Mrefu ndiye anayeruka kugombea mpira wa kuanzia, na mpira ule hurushwa katika duara la katikati, juu ya pua ya Amos. Tayla alikuwa akisimama nje ya duara na kuruka kwa kujinyoosha, na kila mara aliukosa.

"Ruka wanaporuka watu, au kaa benchi," kocha alimwambia. "Jumamosi watu wa chuo kikuu wanakuja kukutazama kama unafaa kuchukuliwa. Shauri yako."

Basi Jumanne, wavulana walipomaliza kucheza, Ardis hakumfuta baba yake. Alimvika koti, wakaenda kwenye kikao cha bodi ya shule. Mwenyekiti, Bwana Halvorsen, muuza matrekta, aliinuka kumpa mkono.

"Karibu, mzee Amos. Baridi imekuzidi nini?"

"Mnauona uso wake?" Ardis aliuliza.

"Tunauona, mama, na tunauheshimu mno. Baba yangu aliuchezea, nami nimeuchezea."

"Basi mwondoeni pale chini. Mnamkanyaga."

"Aa, hatumkanyagi. Tunacheza tu. Na mzee mwenyewe mbona hajalalamika?"

Wote walimgeukia Amos.

"Nalalamika," Amos alisema.

Halvorsen aliinamisha kichwa kwa heshima, katibu akaandika, wakapiga kura. Uso ukabaki. Kikao kilipofungwa mama mmoja aliomba apigwe picha na Amos, akamsihi siku nyingine asiyasahau manyoya.

Nyumbani Tayla alikuwa akiwasubiri mezani.

"Babu, Jumamosi mimi siruki."

"Utaruka."

"Nitakukanyaga!"

"Nakanyagwa na watoto wa Halvorsen, na kila mwaka wanazidi kunenepa. Wewe u mwepesi. Ruka, mjukuu wangu, uondoke mji huu."

Ardis roho ilimuuma pande zote mbili. Alitaka mtoto aondoke na alitaka baba yake apumzike, na kwa mji ule hayo mawili hayakukaa pamoja.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mashabiki walijipaka rangi mashavuni, wakapiga ukelele kwa viganja midomoni, ukelele ambao Ardis hajawahi kuusikia kwa mtu yeyote wa kwao. Tayla alisimama kando ya duara, akavuta pumzi, akaingia. Aliruka, akaupata mpira. Mchana kutwa hakukosa mpira hata mmoja wa juu, na wale wageni wa chuo kikuu walimpa mkono kabla hata jasho halijamkauka.

Jioni Amos alikung'uta viatu, akaketi. Ardis alimfuta. Alama zote zilitoka isipokuwa moja, iliyokuwa juu ya mdomo, soli yenye nyota. Ardis aliijua. Viatu vile alivinunua yeye.

Tayla aliingia na soksi tupu, viatu ameshika mkononi. Alitazama, akamnyang'anya bibi kitambaa, akasugua. Alisugua huku analia, maji yakapoa, na nyota haikufifia.

"Basi, mjukuu wangu," Amos alisema kwa taabu, kwa kuwa mdomo haukufunguka vizuri. "Umeruka vizuri sana."

Tayla aliondoka mwisho wa kiangazi. Huko aliko anasoma, anacheza, na rafiki zake wanampenda. Kila Jumamosi jioni anapiga simu nyumbani, na kabla hajamsalimu bibi yake anauliza kama ile alama imetoka.

Ardis huutazama mdomo wa baba yake, ambaye siku hizi hata utani hawezi tena.

"Imetoka, mjukuu wangu," hujibu, kisha huchovya kitambaa.